Wanunuzi wawili, bidhaa moja: namna ya kuendesha mnada wa mtandaoni bila kugombanisha watu

Mkazi wa Mtwara au Lindi hahitaji kufundishwa maana ya mnada. Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho, wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Ruangwa wamezoea kukusanyika msimu unapofunguliwa, kusikiliza bei za wanunuzi zikisomwa hadharani, kisha kuzikubali au kuzikataa. Katika msimu wa 2024/2025 minada hiyo iliendeshwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi wanalifahamu kwa kifupi chake, TMX. Lakini mkulima huyohuyo, aliyeketi kwenye mkutano wa chama chake akadai kila bei isomwe mbele yake, akirudi nyumbani na kutaka kuuza pikipiki kwenye kundi la WhatsApp, hupokea dau moja kundini, la pili kwa simu, la tatu kupitia kwa shemeji yake, na kabla ya magharibi ana watu watatu ambao kila mmoja anaamini kwamba pikipiki ni yake.

Mwongozo huu unahusu hali hiyo ya wanunuzi kugongana. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiuza vitu vilivyotumika hapa Mtwara mjini, kuanzia majokofu na vyerehani hadi injini za boti, na nimejifunza kwamba ugomvi mwingi wa wanunuzi hutengenezwa na muuzaji mwenyewe hata kabla dau la kwanza halijawekwa. Ama ameacha mlango zaidi ya mmoja wazi wa kuingizia bei, ama ameandika tangazo ambalo watu wawili waungwana wanaweza kulisoma kwa maana mbili tofauti. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye tangazo na kwenye mlango wa bei kuliko kwenye namna ya kutuliza hasira.

Usiku wa Ijumaa

Nilipouza injini ya boti kwa mara ya kwanza kwa njia ya mnada, niliandika kundini kwamba mnada utafungwa "usiku wa Ijumaa, saa mbili". Kwangu mimi maneno hayo hayakuwa na shaka yoyote. Alhamisi jioni mzee mmoja mvuvi wa Msanga Mkuu alikuwa na dau la juu kuliko wengine, shilingi 2,900,000. Asubuhi ya Ijumaa alivuka kwa kivuko, akaenda kwa wakala, akanitumia fedha zote pamoja na ya kutolea, kisha akanipigia kuuliza aje kuchukua mzigo saa ngapi. Wakati huohuo mfanyabiashara wa Kilwa Masoko alikuwa ameshapandisha dau hadi shilingi 3,100,000, naye akijua kwamba bado ana siku nzima mbele yake.

Nilimwambia mzee kwamba mnada haujafungwa. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, sisi Ijumaa yetu inaanza magharibi ya Alhamisi. Usiku wa Ijumaa ni jana." Alikuwa sahihi. Kwa hesabu ya zamani ya watu wa Pwani, ambayo wazee wengi wanaifuata mpaka leo, usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mtu wa Kilwa naye alikuwa sahihi kwa hesabu ya kalenda ya simu. Mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nilifanya yale ambayo hata leo ningemshauri mtu ayafanye. Niliandika kundini kwamba tangazo langu lina maana mbili na kwamba kosa ni langu, nikasimamisha mnada kabla ya muda wowote kati ya ile miwili inayobishaniwa kuchukuliwa kuwa wa mwisho, nikamrudishia mzee fedha zake zote kwa namba ileile pamoja na gharama alizotumia kutuma na nauli ya kivuko, kisha nikaanzisha mnada upya kwa tangazo lililo wazi. Mzee hakuweka dau tena. Injini ilikwenda Kilwa, na jambo hilo linaniuma mpaka sasa, kwa sababu fedha alizoahidi alizitoa, na aliyemkosesha ni mwandishi wa tangazo.

Tangazo liandikwe vipi

Tangu siku hiyo tangazo langu huwa refu, na sioni haya kwa urefu wake. Kwa mfano wa injini ileile, ningeliandika hivi: "Injini ya boti, nguvu farasi 15, imetumika miaka mitatu, ipo Mikindani na inaweza kukaguliwa kila siku kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Bei ya kuanzia ni shilingi 2,000,000, na kila dau lizidi lililotangulia kwa shilingi 50,000 au zaidi. Madau yote yaandikwe humu kundini; dau la simu au la faragha halitahesabiwa. Mnada utafungwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba, saa 2:00 usiku, yaani 20:00 kwa saa ya simu yangu. Dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, muda utaongezwa dakika tano. Mshindi atalipa arubuni ya shilingi 300,000 kabla ya saa 6:00 mchana wa Jumamosi na kumaliza malipo ndani ya siku tatu. Asipolipa, atakayefuata atapewa nafasi kwa dau lake mwenyewe."

Tarehe iandikwe pamoja na siku, na saa iandikwe kwa hesabu zote mbili, ya Kiswahili na ya simu, kwa kuwa "saa 2" peke yake inaweza kuwa ya asubuhi au ya usiku. Kiwango cha kupandisha dau kinazuia ule mchezo wa mtu kuongeza shilingi mia moja juu ya mwenzake na kuwafanya watu wazima waone wanadharauliwa. Kipengele cha saa ya simu yangu kina sababu yake pia: ujumbe uliotumwa mahali penye mtandao hafifu unaweza kukaa na alama ya saa, bila tiki, kwa muda mrefu, na mtumaji ataapa kwamba alituma mapema ilhali kwako umefika umechelewa. Wote wawili wanaona ukweli kwenye simu zao. Ukishaandika tangu mwanzo kwamba saa inayohesabiwa ni ya kufika kwenye simu yako, hakuna anayelazimika kuitwa mwongo.

Kuongeza dakika tano kunamsaidia mtu huyohuyo wa mtandao hafifu, na kunamnyima faida yule anayevizia sekunde ya mwisho. Ongeza na sentensi moja kuhusu mtandao kukatika kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu ya nyaya za baharini ilizorotesha intaneti nchini, na mnada wowote uliokuwa ufungwe siku hiyo ungewapendelea wachache waliobahatika kuwa hewani. Ikitokea hivyo, muda usogezwe kwa saa 24 na watu wote waarifiwe kwa pamoja.

Kama una bei ambayo chini yake huwezi kuuza, sema kwamba ipo, hata kama hutaitaja kiasi chake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamruhusu muuzaji kuweka bei ya chini kwenye mnada mradi ametangaza hivyo. Mnunuzi aliyeshinda kwa dau la juu kisha akaambiwa kwamba bei hiyo haikutosha, bila kuonywa mapema, ana haki ya kuona kwamba amechezewa.

Mlango mmoja wa bei

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na wanaanguka kwa sababu ya ukarimu na heshima. Mtu mzima anakupigia simu na kusema kwamba yeye hajui mambo ya makundi, umhesabie tu dau lake. Rafiki anakutumia ujumbe wa faragha kwa kuwa hataki watu wajue ana fedha. Ukiwapokea, aliye kundini anashindana na watu asiowaona, na siku akishindwa atasema, kwa haki kabisa, kwamba bei hizo umezitunga.

Asiyeweza kuandika kundini atafute kijana wa kumwandikia kwa jina lake. Mimi mwenyewe nimewaandikia wazee wawili au watatu, nikitanguliza maneno "Kwa niaba ya mzee aliyenipigia sasa hivi". Anayeficha uwezo wake aelezwe kwa adabu kwamba mnada ni wa hadharani, na kama hawezi kuingia basi auache. Jibu la kumwandikia ni fupi: "Ahsante kwa nia yako. Tafadhali liandike kundini ili lihesabiwe pamoja na ya wengine." Usiongeze neno lolote linaloweza kusomwa kama ahadi. Maneno kama "tutaona" au "usijali, nipo upande wako" hugeuka ushahidi dhidi yako baada ya siku mbili.

Ndugu ni mtihani mkubwa zaidi. Katika jamii zetu za Kusini, hasa kwa Wamakonde ambao ukoo kwa desturi ulihesabiwa upande wa mama, mjomba akisema anakihitaji kitu ni vigumu kumwambia apange foleni. Ushauri wangu ni kumaliza suala la ndugu kabla ya kutangaza. Waulize wale ambao huwezi kuwakatalia kama wanakitaka kitu hicho, na kwa bei gani. Kama mjomba anakitaka, mpe au muuzie, na mnada usiwepo. Dau la kwanza likishawekwa na mtu baki, mjomba naye ni mnunuzi kama wengine, na ni vema aambiwe hivyo kwa salamu na unyenyekevu: "Shikamoo mjomba. Nimeshawapa watu ahadi hadharani. Nikikupa wewe leo, jina litakaloharibika ni la familia yetu sote."

Madau mawili yakilingana, lililofika mwanzo ndilo linalosimama, na jambo hilo halihitaji mjadala mrefu. Jibu ujumbe wa dau la kwanza kwa maneno "Limepokelewa" ili mpangilio uonekane. Anayefuta au kuhariri ujumbe wake baada ya hapo atakuwa ameacha alama, kwa kuwa jibu lako litabaki na nakala ya maneno yake.

Anayekuja asubuhi na fedha mkononi

Mnada umefungwa Ijumaa usiku kwa shilingi 3,100,000. Umeandika kundini kwamba bidhaa imeuzwa na kumtaja mshindi. Jumamosi saa 1:00 asubuhi mtu anagonga mlango akiwa na shilingi 3,600,000 kwenye bahasha. Mshindi hajalipa hata senti moja, na wewe una ada ya shule ya kulipa. Hili ndilo jaribu halisi la muuzaji, na sitaki kulipitia kwa haraka.

Kwa sheria, mauzo ya mnada hukamilika dalali anapogonga nyundo au kwa ishara nyingine iliyozoeleka, na kabla ya hapo mnunuzi anaweza kuondoa dau lake. Hilo limo kwenye Sura ya 214 niliyoitaja. Kwenye kundi hakuna nyundo, lakini saa uliyoitangaza na neno lako "imeuzwa" vinafanya kazi ileile, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu mkataba ukataliwe kwa sababu tu umefanyika kwa njia ya ujumbe wa kielektroniki. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tayari una mkataba na mtu mwingine. Arubuni haijaingia, lakini muda wake wa kuilipa haujaisha, na mpaka saa 6:00 mchana yeye ndiye mwenye haki.

Mweleze mgeni wako hivyo, naye usipokee bahasha yake hata kama anasema aiache tu "iwe akiba". Fedha ya mtu ikishalala nyumbani kwako, umeshakuwa na wanunuzi wawili. Mwambie kwamba mshindi akishindwa, nafasi ni ya aliyemfuata kwenye mnada, na huyo naye akikataa ndipo utakapomtafuta yeye. Usimpigie mshindi simu na kumwambia kuna mtu ametoa zaidi ili aongeze. Kufanya hivyo ni kuuza mara ya pili kitu ambacho si chako tena. Mtwara ni mji ambao kutoka Shangani hadi Ligula, na kutoka Chuno hadi Mikindani, watu ni walewale. Shilingi 500,000 za asubuhi ile zitakwisha kwenye ada ya muhula mmoja, lakini habari kwamba ulimgeuka mshindi itakuwa ikisimuliwa kila utakapoweka tangazo jipya.

Fedha za watu wawili zikiingia

Wakati mwingine, pamoja na tahadhari zote, fedha za watu wawili huingia kwenye simu yako. Kwanza hakikisha kwamba zimeingia kweli, kwa kufungua menyu ya huduma na kutazama salio, kwa kuwa ujumbe wa muamala unaweza kughushiwa na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Kisha usiziguse. Andika kundini kwamba umepokea malipo mawili na kwamba asiye mshindi atarudishiwa siku hiyohiyo.

Rudisha kwa namba ileile iliyotuma, hata kama mtu anakuomba utume kwenye namba nyingine ya ndugu yake, kwa sababu kuna walaghai wanaotuma fedha, wanaomba zirudishwe kwenye namba tofauti, kisha wanaomba mtoa huduma abatilishe muamala wa kwanza, na muuzaji anapoteza mara mbili. Kama una shaka, mwache mtumaji aombe mwenyewe urejeshaji kwa mtoa huduma, nawe uthibitishe ukiulizwa. Hifadhi namba ya kumbukumbu ya kila muamala. Kuhusu makato, msimamo wangu ni kwamba kama kosa lilitokana na tangazo lako utalipa wewe, na kama mtu alituma fedha huku akijua hajashinda, makato ni yake.

Mshindi asipolipa

Kabla ya kumtangaza kuwa ameshindwa, mpigie. Kuna sababu za kweli. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga, na mnunuzi wa Dar es Salaam aliyekuwa amepanga kuja na fedha na gari la kubebea mzigo hakuwa na namna. Mtu wa aina hiyo anastahili kuongezewa siku, lakini nyongeza hiyo iandikwe kundini ili wa pili asidhani mnapanga jambo.

Muda ukiisha na hakuna arubuni, mwandikie aliyemfuata. Mpe kwa dau lake mwenyewe, kamwe si kwa dau la aliyeshindwa. Hapa kuna suala la haki ambalo wauzaji wengi hawalioni. Tuseme wa tatu aliishia shilingi 2,400,000, kisha wa kwanza na wa pili wakapandishana, wa pili akaishia 3,050,000 na wa kwanza 3,100,000, halafu wa kwanza akatoweka. Wa pili ana hoja nzito akisema kwamba bila mtu huyo angeshinda kwa 2,450,000. Tangazo linakupa ruhusa ya kudai 3,050,000, naye ana ruhusa ya kukataa kwa kuwa dau lake lilishapitwa. Mimi huona ni vema kumsikiliza na kushuka kiasi, hasa kama dalili zinaonyesha kwamba aliyetoweka hakuwa na nia ya kununua tangu mwanzo.

Na kama aliyetoweka ni rafiki au ndugu yako, jua kwamba watu watasema ulimpanga. Sheria inamkataza muuzaji kujiwekea dau au kumtuma mtu amwekee, isipokuwa amehifadhi haki hiyo kwenye tangazo, na mnunuzi aliyetendewa hivyo anaweza kuyachukulia mauzo kuwa ya ulaghai.

Vinyago na wanunuzi wa mbali

Baadhi ya mafundi wa vinyago vya mpingo huuza kwenye mtandao wa minada wa eBay kupitia jamaa aliye nje. Huko kanuni zimeshaandikwa, na jukumu la muuzaji ni kuzifuata. Mfumo humpandishia mnunuzi dau lake hatua kwa hatua hadi kiwango cha juu alichokiweka, viwango viwili vikilingana wa mwanzo ndiye anayeongoza, na mnada hufungwa kwa saa iliyopangwa bila nyongeza. Mshindi asipolipa kwa siku nne muuzaji anaweza kufuta mauzo, kisha akawapa walioshindwa nafasi ya pili kwa dau lao, ndani ya siku 60 tangu mnada kufungwa. Anayekuandikia faragha akitaka muuziane nje ya mtandao huo mkatalie, kwa kuwa ni kinyume cha kanuni, na ulinzi wote unapotea.

Mgongano wa kawaida huko ni wa gharama za usafirishaji, kwa hiyo zitajwe kando ya bei kwa kila nchi unayokubali kupeleka. Mpingo, pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia, umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, na mzigo wa bidhaa zilizokamilika wenye zaidi ya kilo 10 za mti huo unahitaji kibali. Yafikirie hayo kabla ya kumwahidi mtu wa Ujerumani kinyago cha ujamaa cha kilo 25, huku fundi mwenzako wa Masasi akiwa tayari kukichukua leo.

Maneno makali yakianza

Mtu akikutuhumu kundini, jibu mara moja, kwa ukweli wa tarehe, saa na kiasi, ukiambatanisha picha ya skrini ambayo namba za simu umezifunika. Baada ya hapo mazungumzo yahamie kwenye simu ya sauti, si maandishi, maana mengi hutulia watu wakisikiana. Usisambaze namba wala picha ya aliyekukosea. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hilo linaweza kukugeuza wewe kuwa mshitakiwa. Kama mpo mji mmoja na fedha imehusika, kaeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa mkiwa na maandishi yenu, na Mahakama ya Mwanzo ibaki kuwa hatua ya baadaye.

Siku ya makabidhiano, iwe nyumbani au stendi ya Mkanaledi mzigo unapopandishwa kwenye basi, andikeni karatasi mbili zenye sahihi, kiasi kilicholipwa na hali ya bidhaa, kila mmoja abaki na yake. Kisha rudi kundini, andika "Imekabidhiwa" chini ya tangazo lako la kwanza, na mjulishe kwa simu yule aliyekuwa wa pili, ambaye huenda bado anasubiri.